Kiti cha Guku

Nikiwa mtoto kule Nkololo, nilidhani kila nyumba ina bibi asiyefunga mlango. Bibi yetu alikuwa na komeo zuri la mti, lakini usiku aliliacha limeegemea ukutani, akarudishia mlango tu. "Kuna mtu hajaingia," alisema. Mtu huyo alikuwa mumewe, guku yetu, aliyekwenda kuchimba dhahabu Buhemba, akafa kwa homa na kuzikwa hukohuko, baba akiwa bado ananyonya. Bibi aliamini kwamba aliyezikwa ugenini hubaki njiani mpaka watu wake wamfuate. Baba alikuwa mzee wa kanisa na hakutaka kuyasikia hayo. Yeye alimwita guku "marehemu", kama anayesoma tangazo.

Ikaja ile miaka biashara ilipofunguliwa. Wanunuzi binafsi waligombania pamba yetu, na baba akajipatia pikapu kuukuu yenye maandishi ya Kijapani mlangoni. Kabla haijabeba hata gunia moja, bibi akamwambia baba, "Masanja, ng'wanone, mwanangu, gari limepatikana. Twende tukamchukue baba yako."

Baba alinuna siku nzima, kisha akaenda kutafuta petroli.

Nilivyoipenda safari ile! Mama na sisi watoto tulikaa nyuma, tunakula vumbi na karanga. Kiabakari tulipita nyumba za wachimbaji zilizong'olewa mabati. Buhemba mti ulikuwa umeota ndani ya jumba la mitambo, na mbuzi walijilalia kwenye baraza la ofisi. Mwenyeji mmoja akatuonyesha makaburi ya wachimbaji, lakini la guku hakuna aliyelijua. Bibi hakujali. Alisimama katikati akasema kwa sauti, "Baba Masanja, gari la mwanao hili. Panda twende nyumbani." Akafungua mlango wa mbele, akasubiri kidogo, ndipo naye akapanda akakaa dirishani. Nafasi ya katikati ikabaki wazi.

"Mama, mimi mzee wa kanisa," baba akalalamika. "Watu nitawaambia nini?"

"Waambie umempa baba yako lifti."

Kila tulipofika mtoni, bibi alimwambia guku, "Tunavuka," maana asipoambiwa hubaki ng'ambo. Alimwambia kwenye mto Grumeti, akamwambia kwenye Mbalageti. Lamadi mama mmoja muuza samaki aliomba lifti, akaiona ile nafasi. "Ina mtu," bibi akamjibu. Yule mama akaitazama nafasi, akamtazama baba, akapanda nyuma kwetu na tenga lake la sato.

Yule mama alishukia njiani. Jua lilikuwa linaelekea kuzama tulipofika mto wa karibu na kwetu, ambao kiangazi ni mchanga mtupu. Bibi alikuwa amelala fofofo. Nilitaka kumwamsha, mama akanikataza, kachoka. Basi tukaingia mtoni kimyakimya, na katikati magurudumu yakazama.

Tulisukuma. Tukachimba kwa mikono, tukatandika matawi. Baba akapunguza upepo wa matairi, akajaribu tena, wapi! Mimi nilijua tumemwacha nani kule nyuma.

Baba akazima injini. Alikaa ameshika usukani, akamtazama mama yake aliyelala, kisha ile nafasi kati yao. Nilikuwa nimesimama dirishani kwake, nikamsikia.

"Baba," alisema taratibu. "Tunavuka."

Akawasha, gari likatoka. Ni matairi, bila shaka, na yale matawi.

Bibi aliamka uani kwetu, akashtuka. "Yesu wangu, nimelala! Mtoni nani kamwambia?"

Baba alikuwa anashusha mizigo. Hakugeuka. "Nimemwambia."

Kama guku alipanda gari lile au hakupanda, sijui, na umri huu sihitaji tena kujua. Najua kwamba tangu jioni ile neno "marehemu" halikumtoka baba. Alisema "baba", mwanzoni kwa aibu kidogo, kama mtu anayejaribu viatu vipya. Nilimpenda sana kwa hilo, na bado nampenda.

Usiku ulipoingia bibi alichukua komeo lake. Lilikuwa limepinda kwa kukaa ukutani miaka yote ile, likagoma kuingia. Ikabidi baba alete panga, achonge kidogo, ajaribu, achonge tena, sisi sote tumesimama tunamwangalia, mpaka mlango ukafunga.