Ugali wa Kuzibia Pancha

Mwezi uliopita nilivuka kwenda Sengerema bila kushuka garini. Kama wewe ni mtu wa rika langu, utaelewa kwa nini naisema hiyo kama habari. Zamani ukifika Kigongo ulishuka, ukapanga foleni ya kivuko, ukanunua hindi la kuchoma, ukatazama maji mpaka zamu yenu ifike. Sasa daraja la Busisi linakupitisha juu ya ziwa mazungumzo yakiwa hayajakolea. Tulipoukaribia mji, kijana wa kazini kwetu aliyekuwa anaendesha akanipa simu yake.

"Dada, tutafutie pa kula. Angalia wateja wanasemaje."

Nikaangalia. Mahali pa kwanza palipotokea ni baa moja ya bei nafuu, yenye matawi miji mbalimbali ya kanda yetu. Maoni yalikuwa mengi. "Huduma nzuri." "Chakula kizuri, bei rafiki." "Mazingira tulivu, hongereni." Nyota nne, nyota tano. Niliyasoma kwa sauti, kijana akaridhika, akakata kona. Nikamrudishia simu. Nilikulia uani kwa baa hiyo, na miaka yote niliyokaa pale sikuwahi kumsikia mteja wa kila siku akisema chakula ni kizuri, ila pale mambo yalipoharibika.

Ngoja nikueleze polepole, maana bila kueleza utadhani nasimulia habari za watu wenye roho mbaya.

Mama yangu alikuwa mpishi pale. Kampuni ilikuwa na baa Mwanza mjini, nyingine Geita, na hii ya Sengerema, na zote zilifanana: viti vyekundu vya plastiki, kuta za rangi ya krimu, ubao ule ule wa vyakula, na bei ndogo ambayo wenye vibanda vya jirani waliilalamikia kila siku. Kibao cha nje kilikuwa na jina refu la kampuni, na chini yake maneno "Tawi la Sengerema". Jina refu hakuna aliyelitumia. Watu walisema "tukutane Tawini", na hata mtoto mdogo alijua Tawini ni wapi.

Tulipewa chumba uani, mlango ukitazama jiko. Nikitoka shule nilivua sare, nikachota maji, nikachambua dagaa kwenye ungo, halafu nikakaa kwenye kreti tupu chini ya dirisha la jikoni kufanya kazi za shule. Ukumbini sikuruhusiwa kukanyaga. Lakini dirisha lile, ambalo Mama alipitishia sahani, liliniletea kila kitu: mlio wa vizibo, redio iliyokwaruza, harufu ya sato anayekaangwa na ndimu iliyokatwa muda huo huo, na sauti za wateja wakikitukana chakula cha Mama.

Ndiyo, wakikitukana. Fundi baiskeli ndiye aliyekuwa kinara. Kijiwe chake kilikuwa ng'ambo ya barabara. Alikuja mchana na mikono ya grisi, akanawa, akala, halafu akaja kuegemea dirisha.

"Mayu," aliita, kama Wasukuma wanavyomwita mama kwa heshima, "nifungie tonge moja niende nalo kijiweni. Solusheni imeniishia, nina pancha ya kuziba."

"Ulimi wenye kutu kama cheni zako utajua nini habari za ugali?" Mama alijibu bila kugeuka kutoka kwenye sufuria.

"Kosa si lako. Mhaya na ugali wa udaga wa muhogo wapi na wapi? Ungebaki na ndizi zako."

"Na wewe ungebaki na njaa yako."

Ukumbi mzima ulicheka. Mwalimu wangu wa darasa naye alikuwa mteja. Shuleni hatukuwahi kuyaona meno yake, lakini pale dirishani alikuwa mtu mwingine. "Mpishi," alisema, "samaki huyu kafa mara mbili. Kwanza ziwani, halafu kwenye chumvi yako." Mimi kutoka chini nilisema, "Shikamoo mwalimu," na sauti yake ikabadilika papo hapo ikawa ya shule: "Marahaba. Hesabu umemaliza?"

Kama hukukulia mahali pa namna hiyo, nisikilize vizuri hapa. Utani ule ulikuwa namna ya kumwambia mtu kwamba wewe ni wetu. Aliyekushukuru kwa maneno mazuri alikuwa mpita njia, anasubiri gari la Geita, kesho hutamwona. Mama alinifundisha nilipokuwa namsaidia kuosha vyombo: "Mdomo uache. Tazama sahani." Sahani ya fundi ilirudi mifupa imenyonywa ikawa myeupe. Sahani ya mpita njia ilirudi na "asante sana, kitamu", na nusu ya chakula juu yake. Ikitokea fundi amekula na kuondoka bila neno, Mama alifadhaika. "Leo hajanitukana. Anaumwa nini yule?" Na kweli, siku moja tuligundua ana malaria, nikatumwa nimpelekee uji.

Basi siku moja meneja wa tawi akaingia jikoni akitoka jasho. Alikuwa kijana wa pale pale mjini, na utani ule aliujua tangu utotoni. Alisema ofisi ya Mwanza inamtuma mtu aje kusikiliza maoni ya wateja, ili wajue kila tawi liko vizuri wapi na lina kasoro wapi. Mama akaagiza sato wakubwa kutoka mwaloni kwa wavuvi. Akanisugulisha sufuria zote, hata zile za kupikia chakula chetu wenyewe.

Mgeni alikuwa mwanaume mpole, shati limechomekewa, kalamu mfukoni. Alipita meza kwa meza, akasalimia kila mtu kwa mkono, akasema, "Naomba maoni yenu kuhusu chakula. Semeni kwa uhuru." Hebu fikiria: watu wale wanaulizwa juu ya chakula cha Mama, mbele ya mgeni, na Mama mwenyewe yuko dirishani anasikiliza. Jukwaa zuri kama hilo hawakuwahi kupewa maishani.

"Andika hivi," fundi akasema. "Ugali wa hapa unaziba pancha. Ushahidi uko barabarani unatembea."

"Na supu ni nyepesi," akadakia mwalimu. "Juzi niliuona uso wangu mle ndani, nikachana nywele."

"Sisi hapa tunaishi kwa maombi tu!" mtu akapaza sauti kutoka kwenye kona.

Mama alicheka mpaka akaishika meza. Nilikuwa nimesimama karibu naye, nikamwona akijifuta machozi kwa upande wa kanga. Ilikuwa kama anasomewa sifa zake kwenye sherehe.

Mgeni hakucheka. Aliandika. Meneja akajaribu kumnong'oneza, "Bosi, hao wanatania," naye akajibu kwa upole kabisa, "Mteja hawezi kutania na hela yake." Sikumchukia wakati ule, wala leo simchukii. Alitumwa maoni, akayachukua kama yalivyotoka mdomoni. Wapita njia wawili waliokuwa mezani karibu na mlango walimwambia kila kitu ni kizuri, hongereni, akaandika hilo pia. Chakula chao kilikuwa kinapoa mbele yao.

Jibu lilikuja mwezi ukielekea ukingoni. Mpishi mwingine anahamishwa kutoka tawi la Mwanza. Mama amwachie jiko, asaidie kuosha vyombo mpaka mwezi uishe, kisha aondoke. Chumba cha uani nacho ni cha mpishi, kwa hiyo tukiache. Meneja aliyasema hayo akiangalia sakafu.

Kupoteza kazi kulimuuma Mama, lakini kuna kilichomuuma zaidi. Jioni ile alichota supu iliyobaki, akaonja, akatulia, akaonja tena.

"Ni nyepesi?" akaniuliza.

Nikacheka. Nilidhani ndio utani wenyewe.

"Mwanangu, sema kweli. Ni nyepesi?"

Ndipo nikaelewa. Maneno aliyoyasikia miaka yote yakiwa na kicheko ndani yake, sasa alikuwa anayasikia upya, moja moja, kicheko kikiwa kimetolewa. Nilisema, "Si nyepesi, Mama." Akafunika sufuria.

Mpishi mpya alikuwa mtaratibu na msafi, na kupika alijua, nisimsingizie. Wateja walikula, na walipomaliza walimwambia, "Asante, chakula kizuri." Wote. Hata fundi. Mpishi akamwambia meneja kwamba watu wa mji huu ni wastaarabu sana. Mimi na Mama tulikuwa kwenye beseni la vyombo, tukaziona sahani zilivyorudi. Ukumbi ulikuwa kimya hata taarifa ya habari tukaisikia mpaka mwisho.

Siku tulipokuwa tunafunga mizigo, fundi alikuja uani. Hakuwahi kufika uani kabla ya hapo. Mahali pake palikuwa dirishani. Alisimama na kofia mkononi. Alieleza kwamba yeye na mwalimu walimfuata meneja, meneja akapiga simu Mwanza, na Mwanza wakajibu kwamba wateja wenyewe ndio waliosema.

"Mayu," akasema, "chakula chako ni kizuri. Ni kizuri sana. Tangu mwanzo."

Nataka uyasikie maneno hayo kama tulivyoyasikia sisi. Pale kwetu, sifa iliyonyooka namna hiyo ilitolewa msibani, mwenyewe akiwa hawezi kujibu. Mama alisema, "Asante, baba," akaendelea kukaza kamba kwenye godoro. Alimwitikia kama mtu anayepokea rambirambi. Niliuona uso wake. Hakuamini hata neno moja.

Tukavuka, tukahamia Buhongwa, upande wa Mwanza. Mama alipata kazi ya kupika kwenye mgahawa wa watu, baadaye akafungua kijisehemu chake. Watu walikula na wakarudi. Lakini tangu wakati ule, akishapakua, alisimama pembeni na kuuliza, "Kizuri?" Ukimjibu "kizuri sana, Mama", aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu. Ukijaribu kumtania, alinyanyua sahani akaenda kuongeza chumvi. Miaka yote hiyo.

Siku hiyo ya safari tulikula Tawini. Viti bado ni vyekundu. Dirisha la jikoni limezibwa kwa tofali, sahani zinapitia mlango wa pembeni. Ng'ambo ya barabara, palipokuwa na kijiwe cha fundi, kuna duka la vipuri vya pikipiki. Binti aliyetuhudumia aliuliza kama kila kitu kiko sawa. Nikamwambia, "Asante, chakula kizuri," nikabakiza nusu.

Jumapili iliyofuata nilikuwa nyumbani kwa Mama, yeye anachambua dagaa kwenye ungo, mimi nimekaa karibu yake na simu. Nikamsomea maoni ya wateja wa Tawini, nikidhani yatampitisha muda. "Huduma nzuri." "Chakula kizuri." Aliendelea kuchambua. Nikashuka chini zaidi, kwenye maoni ambayo kule garini sikuyafikia, mpaka kwa mtu aliyeweka picha ya gurudumu na kujiita Fundi Baiskeli. Alitoa nyota moja. Sijui alijifunza lini mambo ya simu, labda mjukuu ndiye aliyemwandikia. Nikasoma:

"Hapa zamani kulikuwa na mpishi Mhaya. Ugali wake tulizibia pancha. Supu yake tulichania nywele. Mlipomwondoa, tumbo langu lilipona kabisa. Ila sijashiba tena mpaka leo."

Mama akaweka ungo chini.

"Soma tena."

Nikasoma tena. Alijitazama viganja, akavigeuza, kama anatafuta kitu alichokuwa amekishika. Kisha kikaja kicheko, kile cha dirishani, ambacho sikuwa nimekisikia tangu nikiwa na sare ya shule.

"Mzee mwongo huyo! Kumbe bado yupo? Haya, mwandikie. Mwambie ugali haukuwa na tatizo. Meno yake ndiyo yalikuwa ya mtumba. Akibisha aje Buhongwa, nimpikie mwingine ayamalizie."

Nikaandika kama alivyosema, neno kwa neno.

Nimekuwa nikifikiri tangu siku hiyo. Kivuko kimeondoka, na hilo silililii; wagonjwa wanawahi hospitali siku hizi, na foleni ile haikuwa tamu kama tunavyoisimulia. Ninachokikosa ni lile dirisha. Leo maoni yanaandikiwa watu usiowajua, kuhusu mpishi usiyemwona, kwa hiyo ni lazima yawe ya adabu na yaeleweke kwa kila mtu. Ni jambo jema, nalitumia na mimi. Ila adabu ile, kwa Mama, ilikuwa ukimya mrefu, na ilibidi fundi amtukane tena ndipo akaamini kwamba alikuwa mpishi.

Mchana ule alisonga ugali wa udaga, akapakua, akaketi. Nilimsubiri aulize kama ni kizuri. Hakuuliza. Nikamega tonge, nikalibonyeza kwa vidole, nikamtazama.

"Mama, ugali huu wangeupata mapema, daraja la Busisi lisingehitaji saruji."

"Kula unyamaze," akasema, akinisogezea dagaa.

Nikala, nikanyamaza, na sahani yangu ikarudi nyeupe.