Kisima cha Kanisa na Sababu Yangu ya Kuomba

Mwaka wa 1979 nilikuwa na miaka kumi na saba, na hapo ndipo shida ilinishika sawasawa. Baba alikufa. Shule nilikuwa nimeiacha zamani, darasa la tatu, kwa kukosa karo. Nikatoka upande wa ziwa nikaja Eldoret na shati moja, hiyo nimevaa.

Nilianza kwa kuchimba vyoo, halafu visima. Wengi waliogopa visima, ndiyo maana kazi haikunikosa. Hakuna mtu alinifundisha. Waliosoma walikuwa wanasimama kando, mikono mfukoni, wananiuliza maji yako wapi.

Lakini mimi pia niliogopa, na sana. Kila asubuhi kabla sijashuka nilikuwa naomba: "Mungu, nirudishe juu." Basi. Nikirudi juu nanawa, nakula, namsahau mpaka kesho. Jumapili sikukosa kanisa hata mara moja, kwa sababu nikiikosa, Jumatatu miguu inakataa kuingia shimoni. Washirika wakasema kijana huyu ameokoka kweli kweli. Mimi nilijua ni shimo linanipeleka.

Kanisa letu lilikuwa la mabati, upande wa Munyaka. Mchungaji aliponiomba nichimbe kisima cha kanisa, nilikubali bila malipo. Nitasema wazi kwa nini: niliona Mungu hawezi kumzika mtu ndani ya kisima chake mwenyewe. Hiyo ndiyo ilikuwa sadaka yangu. Nilikuwa nanunua ulinzi.

Tulichimba vizuri mpaka tukafika kama futi arobaini, tukapata mwamba. Tukaupasua polepole. Ijumaa moja asubuhi tukateremsha koroboi, taa ndogo ya utambi, kwa kamba, kama kawaida, kupima hewa. Ikiwaka mpaka chini, mtu anashuka. Ikizimika, hakuna mtu anashuka. Mwenzangu wa kamba alikuwa jamaa mnene, mcheshi, ambaye kanisani hakukanyaga. Akachungulia.

"Imezima, bwana."

"Washa tena."

Akawasha. Ikafika palepale, ikazima.

Mchungaji alikuwa amesimama hapo na akina mama waliokuja kubeba mawe. Alikuwa na haraka yake. Mwenyekiti wa tawi la chama alikuwa amealikwa Jumapili, anywe kikombe cha kwanza cha maji mbele ya watu. Chama kilikuwa kimoja tu siku hizo, na mgeni kama huyo humwambii arudi wiki ijayo.

"Ndugu," mchungaji akaniambia, "hii ni ardhi ya Bwana. Sisi tutaimba, wewe ushuke kwa imani."

Na kweli akina mama wakaanza kuimba, makofi na kila kitu. Nilikuwa nimeshaweka mguu mmoja ndani. Jasho lilinitoka na jua halijapanda. Nikawaza: nikikataa, nimetangazia kanisa lote kwamba sijawahi kumwamini Mungu. Nikishuka, nimeshuka kwa sababu ya macho ya hawa mama, na ya yale mapatano niliyojifanyia na Mungu bila kumuuliza. Nilitafuta Mungu mwenyewe yuko upande gani, sikumwona popote.

Mwenzangu akashika kamba kwa mikono miwili. "Pasta, kama ni mambo ya imani, shuka wewe. Mimi nitakushikia kamba, tena nitakushikia vizuri kabisa."

Mama mmoja akaangua kicheko, wimbo ukakatika. Mimi nikatoa mguu.

"Sishuki."

"Imani yako iko wapi, ndugu?"

"Iko hapa juu, pasta. Na mimi niko hapa juu pamoja nayo."

Wakacheka tena, isipokuwa mama mzee aliyekuwa akitupikia uji. Huyo alinikaribia akasema polepole, "Umefanya vizuri, mwanangu. Lakini nikuulize. Kama hata kisima chake hakikulindi, Jumapili utakuja kufanya nini?"

 Jumamosi nzima nilizunguka na hilo swali, kutoka chumba changu cha kupanga kule mtaa wa West Indies mpaka sokoni na kurudi.  Kama nilikuwa natumikia woga tu, basi miaka hiyo yote sikuwa nimeabudu hata siku moja. Na kama sikuwa nimeabudu, yule niliyekuwa nikimwita kila asubuhi alikuwa ananiona vipi?

Jumapili nilienda. Nilikaa karibu na mlango. Mwenyekiti alikuja, akapewa soda, maji hayakuwako. Wakati wa maombi nilifunga macho nikakosa la kusema. Nilikuwa kama mtu aliyeingia kwa jirani bila cha kuomba, maana chumvi nyumbani kwake iko. Nikakaa tu.  Sitadanganya kwamba nilisikia amani.

Kisima tulikimaliza baadaye. Tulipunga matawi ndani na kumwaga maji mpaka hewa mbaya ikatoka na koroboi ikawaka hadi chini. Nami nikashuka.

Sasa ni miaka mingi sijaingia shimoni. Wasiwasi haukuisha, ulihama tu. Nikipiga magoti asubuhi najikamata nikimtajia Mungu vitu vyangu avichunge, kana kwamba nimemwandika kazi ya uaskari. Kwa hivyo najilazimisha: navitaja kimoja kimoja, halafu najiuliza, hiki kikienda, na kile kikienda, nitarudi hapa kupiga magoti? Kuna asubuhi najibu ndiyo. Kuna asubuhi nanyamaza, nainuka na magoti yanauma.

Vyenyewe ni hivi. Nyumba ya mawe ya vyumba vinne, mtaa wa Pioneer, na hati yake. Vyumba sita vya kupangisha, Munyaka. Ng'ombe watatu, mmoja anakamuliwa. Pikapu moja kuukuu. Mashine ya kusaga mahindi. Mke mmoja, ambaye si mali, lakini naye namtaja.