Pipa la Kijani na Ng'ombe wa Mama

Mtu akitaka kuniharibia siku, anionyeshe pipa la kijani. Wengine wanaogopa nyoka. Mimi nikiona lile dude la plastiki lenye mfuniko, limeandikwa "Mabaki ya Chakula" kwa herufi za kupendeza, damu inanichemka. Wenzangu ofisini wanajua. Tukienda chai wananitania, "Madam, pitia huku, huko kuna adui yako," nami nazunguka nyuma ya maktaba bila kuona haya.

Mimi ni karani katika chuo kimoja hapa Embu, kwenye ofisi inayoshughulikia mambo ya wanafunzi. Mama yangu alikuwa akikaa peke yake kule juu upande wa majani chai, ambako asubuhi hutoki nje bila sweta. Baba alikuwa ameshatuacha. Kaka yangu mkubwa alimwandama mama kwa miaka, akimtaka ashuke aje kuishi na mmoja wetu mjini. Kila akija ni wimbo ule ule. "Mama, ukianguka huku, nani atakuokota?"

Krismasi moja, tukiwa tumekaa wote tunakula, mama alichoka naye. Aliweka sahani chini akasema, "Siku zizi langu litakuwa tupu, mtanibeba mnipeleke mnakotaka. Lakini huyo ng'ombe akiwa bado anasimama, na mimi nasimama. Mmenisikia?" Tulimsikia. Kaka alicheka, akasema haya, hiyo ni ahadi. Mama akamjibu kwamba yeye hajawahi kula maneno yake, labda yeye kaka aliyesomea mbali.

Ng'ombe mwenyewe alitoka Timau kwa wakwe zangu. Aliletwa kwa mahari yangu akiwa mtamba, na manyoya mazito ya baridi ya kule, hata majirani wakauliza kama ni ng'ombe au kondoo mkubwa. Mama hakutaka kusikia neno kuuza. Ng'ombe wa mahari ya binti yake aende sokoni kama mbuzi wa deni? Hapana. Alimwita "mwenzako". Nikifika nyumbani nikaingia jikoni moja kwa moja, ananirudisha mlangoni: "Umemsalimia mwenzako?" Na nikipiga simu kulalamika kuhusu mume wangu, alinisikiliza kidogo tu kisha akasema, "Mwenzako leo amekula vizuri na ametulia. Wewe una shida gani?"

Kwa yule ng'ombe mama aliamka, kwa yule ng'ombe akatembea. Alikata majani ya nepia ya kumlisha, akapeleka maziwa barabarani kwa wanaokusanya, akarudi akigombana na kila mtu njiani kwa furaha yake. Hapo kwake hapakuwa na kitu cha kutupa. Maganda ya viazi na ndizi yalikwenda horini, samadi ikaenda kwenye mashimo ya migomba, jivu likamwagwa kwenye mboga za sukuma kufukuza wadudu. Karatasi ya nailoni ya mkate ilioshwa, ikaanikwa kwenye kamba pamoja na nguo, ikawekewa mbegu za maharagwe. Alichokuwa anakiita taka kilijaa kopo moja la mafuta ya kupikia, na hilo alilifunika kwa jiwe ili ng'ombe asilifikie.

Sasa, jiko la chuo lilikuwa linatoa maganda mengi ajabu. Viazi, karoti, majani ya nje ya kabeji, maganda ya ndizi. Niliongea na wapishi, akina mama wenye ng'ombe wao pia, na tukaelewana. Wakimenya, wanamenyea moja kwa moja juu ya gunia safi. Ijumaa tunagawana. Mimi langu nalifunga kwenye pikipiki ya kijana tunayemjua, linapanda kwa mama. Hakuna aliyetulipa, hakuna aliyetupiga picha. Miaka ilipita hivyo na ng'ombe akawa anang'aa.

Kisha chuo kikaamua kuhifadhi mazingira.

Yakaletwa mapipa ya rangi tatu. Kijani ni mabaki ya chakula, buluu ni karatasi, manjano ni plastiki. Sikatai, yalipendeza. Hata mimi siku ile nilivaa fulana waliyotugawia. Mgeni wa heshima alikuja, mahema yakasimamishwa, hotuba zikawa ndefu mpaka wanafunzi wakaanza kutoroka mmoja mmoja. Mwishoni ikatangazwa kwamba kila mwezi kutakuwa na siku ya usafi. Wakubwa watavaa glavu, waokote taka uwanjani, tuwe mfano kwa jamii.

Glavu zenyewe zilikuwa zile nyembamba za plastiki, hazina rangi, kama za mtu anayeuza keki. Ofisi yetu ndiyo ilizigawa. Kila siku ya usafi wakubwa walizivaa, wakainama kama wanaokota chupa, mpiga picha akasema mara nyingine tafadhali, wakainama tena. Basi. Picha ikishapatikana wanazivua, wanaingia kwenye holi kula. Na pale mlangoni pa holi pipa lililo karibu ni la kijani. La manjano lilikuwa hatua chache tu mbele, lakini unafikiri mtu mwenye njaa na suti atatembea?

Hayo yasingenihusu kama wangetuachia magunia yetu. Lakini ikaja amri kwamba taka yoyote ya jikoni isitoke ila kupitia pipa la kijani, kwa sababu lazima ipimwe kwenye mizani kwa ajili ya ripoti. Gunia la pembeni linaharibu hesabu. Nilimwendea msimamizi wa mradi, bwana mmoja mpole wa maneno, nikamweleza kwamba yale maganda yana mwenyewe, na mwenyewe ana mdomo na tumbo.

"Madam, nakuelewa," akasema. "Lakini mfumo ndio huo. Yakishapimwa, utachukua kutoka kwa pipa. Si ni maganda yale yale?"

Maganda yale yale! Wanafunzi walitupa humo kila kitu. Vijiko vya plastiki, pakiti za maziwa, karatasi za nailoni za muguka, yale majani wanayotafuna, zikiwa zimefungwa fundo. Nilikuwa nachambua kwa mkono Ijumaa mchana, nimevaa aproni, wanafunzi wakinipita wakisema, "Pole, madam," kama wananiona nimepatwa na wazimu. Mama naye alichambua tena kabla ya kumwaga horini. Alinipigia simu akauliza, "Kwani huko chuoni mnasomesha watu gani, hawajui ganda na karatasi?" Tukacheka. Tulidhani tunaona kila kitu. Lakini glavu isiyo na rangi ikilowa mchuzi, ikajikunja ndani ya jani la kabeji, utaionaje? Mama ana macho ya uzee. Mimi nina ya ujana, na sikuiona.

Ng'ombe alianza kwa kuchagua chakula. Halafu maziwa yakapungua. Halafu akaacha kucheua, na hapo mama akanipigia asubuhi mapema na sauti ambayo siijui. "Mwenzako hacheui," akasema. "Amesimama tu. Ananiangalia."

Nilipanda. Daktari wa mifugo alikuja, akampa mafuta ya kunywa, akamsukuma tumbo kwa ngumi, akasikiliza. Mama alimshika ng'ombe kichwa muda wote akimsemesha Kiembu, maneno ambayo alikuwa akitusemesha sisi tukiwa na homa. Daktari aliondoka akarudi kesho yake. Jioni ng'ombe akalala chini, mama akamwambia, "Inuka. Inuka, we, mimi nimewaambia unasimama." Hakuinuka tena.

Majirani walitaka tuchimbe shimo tuzike yaishe. Mama akakataa. Akataka afunguliwe, ajue kilichomuua. Daktari alipasua tumbo kubwa pale pale nyuma ya zizi, akaingiza mkono, akavuta. Likatoka bonge limeshikana kama kamba iliyosokotwa, majani, nailoni, karatasi za muguka. Akaliosha kwa maji ya ndoo na likaanza kuachana. Ndipo tukaona vidole. Glavu nyingi, zimeingiana, vidole vimetokeza huku na huku.

Mama alichutama akashika kimoja. "Hii ni mikono ya nani?" akauliza.

Nilijua mikono ile yote, baadhi naweza kukutajia vyeo vyao.

Jumatatu nilizibeba ndani ya ndoo mpaka ofisi ya msimamizi. Sikugonga. Niliweka ndoo juu ya meza yake, karibu na kikombe cha chai, nikamwambia, "Hizi zimetoka kwenye tumbo la ng'ombe wa mama yangu. Ni zenu." Alichungulia, akarudisha kiti nyuma kwa sababu ya harufu. Alisema pole, na nafikiri alisikitika kweli. Lakini akaendelea kusema kwamba kwa kweli pipa liliandikwa mabaki ya chakula, halikuandikwa chakula cha ng'ombe. Nilipogeuka kuondoka, akaniita.

"Madam, na hiyo ndoo? Hizo ni plastiki. Ukipita nje, pipa la manjano."

Nilicheka. Wallahi nilicheka mpaka karani wa ofisi ya jirani akaja kuchungulia, na kicheko kikageuka kikawa kitu kingine, ikabidi wanikalishe.

Kaka alikuja mwisho wa mwezi. Alikuwa amejiandaa kubishana, na maskini hakupata wa kubishana naye. Mama alikuwa ameshafunga nguo zake kwenye shuka. "Zizi ni tupu," akasema. "Si tuliahidiana? Twende." Aliniambia atakaa kwangu, kwa sababu kwangu si mbali na kwake. Alifunga mlango, akamwachia jirani kuku, na hakuaga zizi wala kuliangalia. Nilitamani agombane, atutukane sote, lakini alikaa kwenye gari ameshikilia furushi lake mpaka mjini.

Sasa yuko hapa kwenye nyumba yetu ya kupanga, ghorofa ya pili. Chini uani mwenye ploti ameweka mapipa ya rangi tatu, eti na sisi tumeendelea. Gari la taka likija, wale vijana wanayamwaga yote pamoja nyuma ya lori, kijani, buluu na manjano, wanakanyaga juu yashikane. Mama huwaangalia kutoka dirishani.

Jana nimetoka kazini nikamkuta ameketi kwenye kigoda jikoni, karai mapajani, limejaa maganda ya viazi vya chakula cha jioni. Alikuwa akichukua ganda moja moja, analigeuza, analinyoosha kwenye mwanga wa dirisha, analisugua kwa kidole gumba, analiweka kwenye ndoo safi. Nikamwambia, "Mama, wacha. Yanaenda kwa pipa tu."

"Najua," akasema, akachukua lingine akalinyoosha kwenye mwanga. "Nimalizie tu haya."