Nilivyompata baba mdogo kwenye makaratasi ya kaunti, Columbus hadi Buffalo

Wakuu, salamu kwenu popote mlipo.

Humu huwa nasoma tu, sichangii. Shule niliishia darasa la saba kambini Kigoma na kuandika kunanichukua muda, mnivumilie. Haya yamenitokea mwenyewe, chumvi sijaongeza.

Sisi ni Warundi, tumekulia kambini Tanzania, sasa tuko Louisville, Kentucky. Baba alifariki tukiwa bado kambini.

Mwaka juzi dada yangu Generoza alipata mchumba, Deo, Mkongo wa Bukavu. Mimi na Deo tunafanya kazi warehouse moja.

Mama alimpenda. Ila akasema posa hapokei. Kwetu posa anapokea baba, na kama hayupo, ndugu yake wa kiume. Na ndugu huyo, baba mdogo Zakaria, aliletwa Columbus, Ohio, kabla yetu, kisha simu yake ikawa haipatikani. Miaka mitatu hatujui kama yuko hai.

Watu wakamshauri mama achukue mzee yeyote wa kanisani.

"Kanisani naazima viti na masufuria," akasema. "Shemeji siazimi."

Basi posa ikasimama. Dada akawa anakula kimya, anaondoka mezani.

Mkenya mmoja kazini ndiye aliyetuambia kwamba Marekani karatasi za ndoa ziko wazi kwenye ofisi za kaunti, mtu yeyote anaomba kuona. Na tulikuwa tumesikia baba mdogo alioa hukohuko Columbus. Tukaomba off siku moja, Deo akaendesha.

Wakuu, mlangoni nikakwama. Kambini ofisi ilikuwa mahali pa kuulizwa umetoka wapi na nani kakuruhusu. Deo akanisukuma mgongoni.

"Bon, tumekuya kuangalia mulango? Ingia! Mimi njo naoa, weye njo unatetemeka?"

Karani alikuwa mama mtu mzima, miwani inaning'inia shingoni. Kabla hajauliza kitu nikamwaga kwenye kaunta vyote nilivyobeba: green card, barua ya mchungaji, hadi kadi ya chanjo. Akavirudisha taratibu.

"Sijauliza wewe ni nani, mwanangu. Unamtafuta nani?"

Sikuamini. Hakuna barua, hakuna mwenyekiti, hakuna njoo kesho.

Akataka last name, yaani jina la ukoo. Nikampa jina la baba yangu. Hakuna kitu. Nikamwandikia vizuri kwenye karatasi. Hakuna.

Deo akaniangalia. "Weye, kwenu ndugu wanabeba jina moja?"

Nilitamani ardhi inimeze. Kwetu kila mtoto hupewa jina lake, ndugu wa tumbo moja hawafanani majina hata kidogo. Wazungu kazini baba na wana wote jina moja, nami nikazoea, nikasahau kwetu. Na jina la Kirundi la baba mdogo sikulijua, maana sijawahi kumwita kwa jina. Ni Baba Mdogo tu. Mama naye alikuwa kazini, simu ameifungia kwenye locker.

Karani hakuchoka. Akatafuta kina Zakaria wote wa miaka ile. Akauliza tarehe ya kuzaliwa.

"Januari moja," nikasema.

Wakatokea wawili, wote Januari moja! Wakimbizi mnaelewa, nusu ya kambi tuliandikiwa siku hiyo.

Akafikiri kidogo. "Aliyeoa huandikisha wazazi wake. Unawajua?"

Hao nawajua. Baba alikuwa anatukaririsha kabla ya kula: babu Bigirimana, bibi Ntakirutimana.

Akanigeuzia kioo cha kompyuta. Bibi yangu aliyefia Ruyigi, Burundi, ambaye maishani hakuwahi kumiliki karatasi yoyote, jina lake lilikuwa pale Ohio, limepigwa chapa, halijakosewa herufi. Nililitazama mpaka Deo akanigusa bega.

Karatasi hiyo ilikuwa na jina kamili la baba mdogo na la mchungaji aliyewafungisha ndoa. Mchungaji tukampata kwa simu, akasema walihamia Buffalo, New York, wakanunua nyumba. Namba ya baba mdogo aliyokuwa nayo pia haikuita.

Nikapiga kaunti ya Buffalo, maana nyumba pia huandikishwa kwa jina la mwenyewe. Kijana aliyepokea alinisubiri nitaje herufi moja moja. Akanipa mtaa na namba ya nyumba, huko Cheektowaga pembeni ya Buffalo, kisha akaniambia nimsomee tena asije akanipoteza.

Nikaandika barua. Ilinichukua siku mbili.

Baada ya siku tisa simu ikaita. Hata salamu hakuna.

"Nani kakupa ninapokaa?"

"Serikali, baba."

"Serikali inanitafutia nini?"

"Haikutafuti. Mama ndiye anakutafuta. Generoza anaposwa."

Nikasikia akimwita mkewe kwa sauti, halafu akaanza kulia. Kumbe simu yake iliibwa na namba zetu zote zikaenda, na barua aliyotuma ilikuta tumeshahama.

Akaja na gari, yeye na mkewe. Siku ya posa alikaa mbele, suti imembana, akamkazia Deo macho.

"Kijana, wewe ndiye uliyenichimbua huko?"

"Ndiyo, papa."

"Basi umejitafutia mwenyewe. Sitakupunguzia hata ng'ombe mmoja."

Nyumba nzima ikacheka. Dada alicheka kuliko wote, na mama akapokea posa.

Nilichojifunza: ofisi za kaunti msiziogope, zina watu wenye subira. Na waulizeni wazee, wangali hai, majina ya babu na bibi, myaandike vizuri.

Nani amewahi kumpata ndugu kwa njia hii, kwenye state gani? Na wewe unayeona si sawa mgeni kuonyeshwa nyumba yako, sema pia. Baba mdogo mwenyewe mpaka leo analalamika.