Kaburi la Mosoti

Nyatichi na mumewe Mosoti walitoka Kisii wakiwa vijana, wakazeekea Konoin wakichuma chai ya watu. Jasho la miaka ya mwanzo liliwapa robo ekari karibu na Mogogosiek. Aliyewauzia ni mzee arap Birir, rafiki yao, mtu wa kauli moja. Wazee watatu walisimama mpakani wakashuhudia, wakanywa mursik, maziwa ya kienyeji yaliyogandishwa kibuyuni, na mapatano yakaisha. Hatimiliki? Nani angemdai rafiki karatasi! Mosoti akapanda chai yake mwenyewe, bintiye Judy akazaliwa humo.

Mosoti alipokuwa akifa alimwomba mkewe, "Unizike hapa, kwa chai yangu." Nyatichi alikataa katakata. Mgusii azikwe ugenini kama asiye na ukoo? Mashemeji wangesema nini? Akausafirisha mwili hadi Kisii, wakamzika kando ya nyumba ya udongo aliyoijenga ujanani.

Mwaka huu arap Birir naye akafariki, na wanawe wakaleta wapima ardhi. Mkubwa wao, Weldon, alikuwa amekunywa uji mwingi jikoni mwa Nyatichi. Hakumtukana. Afadhali angemtukana.

"Mama Judy," alisema kwa upole mbele ya chifu, "wale wazee watatu wote walishakufa. Sasa nikuulize. Kama hii shamba ni yenu, mbona mzee mlimpeleka Kisii? Mtu si anazikwa kwake?"

Kilichomuuma Nyatichi ni kwamba hata yeye, angekuwa upande ule, angeuliza vivyo hivyo. Aliapa, akalia, akataja hadi mvua iliyonyesha siku ya mapatano. Maji yalikwisha kumwagika. Chifu alimpa hadi mwisho wa mwezi awe ameondoka.

Jioni alimpigia simu Obure, mdogo wake Mosoti, amwambie kwamba anarudi nyumbani.

"Nyumbani gani, shemeji?" Obure alicheka, akidhani anataniwa. "Ile nyumba tulibomoa. Hiyo sehemu yenu tuligawia vijana, wamepanda ndizi mpaka kwa kaburi. Kwani nyinyi si muko na shamba ya chai huko?"

Nyatichi alishikwa na aibu. Akajibu kwamba ndiyo, wanalo, na mwezi huu majani ni mengi.