Gia ya Shaba Niliyoiita Mfu

Nilipokabidhiwa depo ya vipuri ya kiwanda kimoja cha mawese hapa Kisangani, nilikuwa na digrii ya uchumi, kalamu nne mfukoni na imani kwamba fujo zote za dunia zinaweza kupangwa kwa fishi, kadi moja kwa kila kitu. Kila kipuri nilikipa namba, nikaiandika mwenyewe kwa rangi nyeupe. Saba yangu ina mkia uliopinda kama wa mbuzi. Mke wangu huicheka hadi leo.

Kisha nikaamua kuondoa vilivyokufa. Kanuni yangu ilikuwa moja: kisichotoka rafuni kwa miaka mitano ni maiti, kinakula nafasi bure. Kwa kuwa sikujua kipi ni cha mashine ipi, nilizunguka na fundi mkuu, mzee aliyeingia kiwandani mimi nikiwa bado shule ya msingi. Nilimwita Papa. Yeye aliniita prof, na kwa muda mrefu nilidhani ni heshima.

Tukafikia gia ya shaba, imefungwa karatasi ya grisi, nzito kama mtoto aliyelala.

"Na hii, Papa?"

"Hii ni ya kinu ya kukamulia. Toka niko kijana sijaona mutu anaibadilisha."

"Tuitoe?"

Aliniwekea mkono begani. "Toa tu, prof. Ile iko ndani iko nguvu, itatuzika sisi wote."

Nikaandika "mfu" na kutia sahihi. Vyote vikauzwa kama vyuma chakavu, naye akajitolea kusimamia upakiaji. Nilimshukuru mbele ya watu. Rafu zilibaki wazi kiasi kwamba niliingiza meza ya chai.

Miezi minane baadaye kinu kilisimama. Meno ya gia yalikuwa yamelika yote. Uani matunda ya mchikichi yalianza kunuka, na gia mpya ingetoka Kinshasa kwa boti, baada ya majuma. Meneja alinipa hadi Jumamosi: nilete gia au barua ya kuacha kazi.

Ni Papa aliyenihurumia. "Vuka mto, uende Lubunga, prof. Kuna mama anauza vyuma pale karibu na bandari. Muulize."

Mama yule hakunisumbua. Alivuta kitu kutoka chini ya meza, akafungua karatasi ya grisi. Ubavuni mwa shaba kulikuwa na namba nyeupe: saba mbili, mikia ya mbuzi miwili.

"Mama, hii imetoka wapi?"

"Ni ya bwana yangu. Iko fundi kule kiwanda ya mawese." Akacheka kidogo. "Anasema kule muko na prof moja, anatupa vitu vizima."

Nililipa bila kuomba apunguze. Nilirudi mtumbwini nimeipakata gia, na abiria mmoja akaniuliza kama mtoto ni mgonjwa.

Papa alikuwa karakanani, ananawa mikono kwa petroli.

"Ulijua," nikamwambia.

"Prof, wewe uliandika iko mufu. Mimi nilizika tu."

"Uliniambia ya ndani ina nguvu."

"Bon. Tuifunge, ao tuongee? Ngazi inaoza." Akaelekeza kidole kwenye matunda ya mchikichi uani.

Nilifikiria kwenda kwa meneja. Ningemwonyesha nini? Orodha ya wafu ina sahihi moja tu, na ni yangu. Mzee yule hakuwahi kuandika neno lolote. Alisema kwa mdomo tu, nami nikaandika.

Tukafunga. Sitamnyima haki yake: alifanya kazi safi, kwa upole, kama anayemvika mtoto nguo. Kabla jua halijazama kinu kilikuwa kinazunguka, nami nilikuwa bado na kazi. Akaniwekea mkono begani, palepale pa siku ile, akaisukuma gia kuukuu kwa mguu.

"Na hii, prof? Iko mufu?"

Nilijiondoa chini ya mkono wake. Nikaibeba gia ile isiyo na meno hadi depo, nikaitoa meza ya chai, nikaiandika gia namba na kuiweka rafuni. Ipo mpaka sasa, na fishi yake ninayo mfukoni.