Sodo za Kwenda Kakuma

Enzi zetu, msaada ulikuwa kazi ya mikono. Najua nina miaka ishirini na kitu tu, na wazee watacheka wakinisikia nikisema "enzi zetu", lakini jua la Lodwar humzeesha mtu mapema. Wacheni niseme.

Mwaka wa 2013 nilikuwa darasa la saba. Kila Jumamosi sisi wasichana tulikusanyika darasani, bati likituoka kutoka juu, tukashona sodo za kitambaa, zile za kufua na kutumia tena. Zilikuwa za kwenda Kakuma, kwa wasichana wakimbizi. Wafadhili walileta flaneli na vifungo, na mwalimu wetu, Madam Kemunto, akatufundisha kukunja pindo. Nilipenda sana harufu ya kile kitambaa. Nyumbani kwetu kitambaa kipya kilikuja Krismasi, kikipenda.

Sasa, sisi mafundi wenyewe hatukuwa na sodo hata moja. Siku zetu zikifika, tulijifunga vipande vya leso kuukuu au tukabaki nyumbani na mbuzi. Rafiki yangu Nakiru alimuuliza Madam kama tungeweza kubakishiwa chache. Madam akainamisha kichwa. "Hizi ni za wakimbizi. Nyinyi ni wenyeji."

Nilipomwambia mama, alicheka mpaka akakohoa. "Kwa hivyo ili mtu asaidiwe, lazima kwanza akimbie? Haya Akai, wewe utakimbilia wapi?"

Jumamosi ya kuzipeleka, siku zangu zilianza alfajiri. Jumatatu ilikuwa mtihani wa kufunga muhula, na nilijua nitaukosa, kama nilivyoukosa wa muhula uliotangulia. Kwenye lori nilikaa kitako bila kusogea, leso isije ikaniaibisha, nikalia kimyakimya huku nimepakata sodo tele za watu wengine.

Kakuma nilimkabidhi kifurushi msichana wa Kikongo wa rika langu. Akashukuru, kisha akatazama nilivyobana miguu. Akauliza polepole, "Na ninyi, munatumiaka nini?"

Nikamwambia ukweli. Hakunipa pole. Alinivuta hadi nyuma ya vyoo vya mabati, akafungua kifurushi chake, akasema, "Kamata mbili." Moja ilikuwa na mshono uliopinda. Niliujua, ulikuwa wangu.

Jumatatu nilifanya mtihani.

Siku hizi wasichana wa shule ileile hupewa sodo za pakiti, na nasikia wanalalamika eti hazinukii vizuri. Walalamike tu, mimi nafurahi. Ila nazikumbuka zile Jumamosi, vicheko vyetu na vidole vilivyochomwa sindano, na huwa namuwaza yule msichana ambaye hata jina sikumuuliza.

Picha tuliyopigwa kabla ya kuondoka Kakuma bado imetundikwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Chini yake wameandika kwamba sisi ndio tuliowasaidia wakimbizi. Anayetabasamu kuliko wote ni mimi, na hapo nilikuwa nimevaa msaada wa mkimbizi.